Maswali ya Wasomaji: Mashine Pepe Ndani ya Mashine Pepe

Katika toleo hili tumezipa nafasi barua tatu kutoka mikoa ya Mtwara na Lindi, kwa kuwa zote zinagusa jambo moja, nalo ni kuendesha programu ya mashine pepe, yaani ya kompyuta ya kubuni iliyomo ndani ya kompyuta halisi, juu ya programu nyingine ya aina hiyo hiyo katika kompyuta moja ya mezani. Barua ya kwanza tumeijibu kwa urefu, maana atakayeielewa hatapata taabu na mbili zinazofuata.

Ndugu Mhariri, salaam. Mimi ni mwanafunzi wa TEHAMA katika chuo kimoja hapa Mtwara. Mwalimu ametupa zoezi la kusimika Proxmox, ambao ni mfumo wa kuendeshea mashine pepe, kuunda ndani yake mashine pepe mbili na kuziunganisha kwa mtandao. Nina kompyuta ya mezani ya mtumba yenye prosesa ya Core i5-4570, RAM ya gigabaiti 8 na Windows 10. Niliweka VirtualBox, programu ya kuundia mashine pepe ndani ya Windows, nikasimika Proxmox ndani yake bila tatizo lolote, lakini kila nikijaribu kuwasha mashine ya ndani inakataa na kuniambia kwamba KVM, yaani sehemu yake inayoendesha mashine pepe, haipatikani, kwa hiyo niende nikaiwashe kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta. Nimekwenda kwenye BIOS na kukuta imekwisha kuwashwa. Fundi mmoja mjini amenishauri ninunue ubao mama mwingine pamoja na prosesa yake. Je, ni kweli kwamba prosesa yangu ni mbovu? — *Mwanafunzi, Shangani, Mtwara*

Ndugu mwanafunzi, prosesa yako ni nzima, na fedha ya ubao mama tafadhali usiitoe. Ujumbe unaouona umeandikwa na Proxmox, nayo Proxmox inaiona kompyuta moja tu, yaani ile iliyobuniwa na VirtualBox. Inapokuambia uende kwenye BIOS, BIOS inayoitaja ni ya kompyuta hiyo ya kubuni, wala si ile uliyoifungua wewe kwa kubonyeza kitufe wakati mashine inawaka. Ulichokikagua ni sahihi na kilikuwa cha lazima, ila hakikuwa ndicho kinacholalamikiwa.

Ili uelewe kwa nini, yafaa kujua namna uwezo huu ulivyoingia katika prosesa. Mwaka 1974 Gerald Popek na Robert Goldberg walieleza masharti ambayo prosesa inapaswa kuyatimiza ili programu moja, ambayo hapa tutaiita msimamizi, iweze kuzitawala mashine pepe bila kupitwa na jambo. Prosesa za familia ya x86, ambazo ndizo zilizomo katika kompyuta zetu nyingi za mezani, hazikuyatimiza masharti hayo, kwa sababu baadhi ya amri zake zilitekelezwa kimyakimya bila msimamizi kupata habari. Kampuni ya VMware, iliyoanzishwa mwaka 1998, ilitoa programu yake ya Workstation mwaka 1999 ikiwa na ujanja wa kuzitafsiri amri hizo papo kwa papo kabla hazijaifikia prosesa. Intel ilikuja kuitibu kasoro hiyo ndani ya prosesa yenyewe mwaka 2005 kwa VT-x, na AMD ikafuata mwaka 2006 kwa AMD-V.

Sasa angalia mahali penye mzizi wa tatizo lako. VT-x inamtambua msimamizi mmoja tu. Yule wa nje, kwako wewe VirtualBox, ndiye anayeishika. Msimamizi wa pili, yaani KVM iliyomo ndani ya Proxmox, akitaka naye kuitumia, prosesa haina nafasi ya pili ya kumpa. Kila amri yake ya kisimamizi inanaswa na kupelekwa kwa msimamizi wa nje, ambaye inambidi aigize kana kwamba yeye ndiye prosesa. Ni kama shauri la kitongojini ambalo haliwezi kuruka hadi wilayani: linapita kijijini, linapita kata, na jibu linarudi kwa njia hiyo hiyo, likisimama katika kila ofisi. Tukio moja dogo katika mashine ya ndani kabisa linaweza kuzaa safari nyingi baina ya wasimamizi hao wawili, na kama msimamizi wa nje hakufundishwa kuigiza, au ameambiwa asiigize, yule wa ndani ataambiwa tu kwamba VT-x haipo. Hilo ndilo lililokupata.

VirtualBox ilianza kuigiza kwa prosesa za AMD katika toleo la 6.0, lililotoka Desemba 2018, na kwa Intel katika toleo la 6.1 la Desemba 2019. Lakini kwa upande wa Intel watengenezaji waliweka sharti: prosesa iwe ya kizazi cha 5 cha Core i au cha baadaye. Kizazi hukisoma katika tarakimu zinazofuata kistari, kwa hiyo i5-6500 ni cha 6, i5-10400 ni cha 10, na i5-4570 yako, iliyotoka mwaka 2013, ni cha 4. Umekosa kwa kizazi kimoja. Kompyuta nyingi za ofisi zinazoletwa kwetu zikiwa zimetumika ni za kizazi cha 3 na cha 4, kwa hiyo si ajabu wenzako darasani wakawa na tatizo hili hili, na ni vema mwalimu wenu alijue kabla hajampunguzia mtu alama.

Wale wenye kizazi cha 5 au zaidi watakuta katika mipangilio ya mashine, sehemu ya prosesa, kisanduku cha kuwasha uwezo huu. Wakati mwingine kisanduku hicho hufifia na kukataa kubofywa hata pale prosesa inapofaa. Dawa yake ni kuizima mashine pepe kabisa, kufungua dirisha la amri ndani ya folda ya VirtualBox, na kuandika:

`VBoxManage modifyvm "Proxmox" --nested-hw-virt on`

ambapo neno lililo ndani ya alama za kunukuu ni jina la mashine yako kama linavyoonekana katika orodha. Baada ya hapo washa Proxmox, ingia kwenye dirisha lake la amri na uandike `grep -cE 'vmx|svm' /proc/cpuinfo`. Ikitoka sifuri, uwezo haujafika ndani. Ikitoka namba nyingine yoyote, umefika.

Wewe mwenye kizazi cha 4 unazo njia tatu, na sizipi uzito sawa.

Ya kwanza ni kubadilisha msimamizi wa nje. VMware Workstation inaweza kuupitisha uwezo huu kwenye prosesa kama yako, na tangu Novemba 2024 inatolewa bure kwa watumiaji wote. Katika mipangilio ya prosesa ya mashine pepe kuna kisanduku kinachotaja VT-x na EPT, nacho unakiwekea alama. Ikiwa itakujibu kwamba jambo hilo haliwezekani katika kompyuta hiyo, usirudi kwa fundi. Soma jibu la barua inayofuata, maana karibu kila mara sababu yake ni Windows yenyewe.

Ya pili ni kuendelea na VirtualBox uliyonayo na kuiambia Proxmox isitegemee KVM. Chagua mashine ya ndani, nenda kwenye chaguo zake, na uzime kipengele cha KVM. Mashine itawaka, lakini kila amri itakuwa inaigizwa na programu pasipo msaada wa prosesa, na mwendo wake utakuwa wa kuchosha. Kwa mfumo mdogo kama Alpine Linux, ambao faili lake la kusimikia lililotengenezwa kwa ajili ya mashine pepe halifiki hata megabaiti 100 na kwa hiyo halitalimaliza bando lako, zoezi la kuunganisha mashine mbili kwa mtandao linakamilika vizuri. Kwa Windows usijaribu. Tena, kama zoezi halisisitizi mashine pepe kamili, Proxmox inatoa pia kontena za LXC, ambazo hazihitaji VT-x hata kidogo kwa kuwa zote zinatumia kerneli moja, yaani kiini cha mfumo, ya mwenyeji wao, ambaye hapa ni Proxmox.

Ya tatu ndiyo ninayokushauri kwa moyo wote: usiweke mashine ndani ya mashine. Tafuta diski ya pili, hata iliyotumika, chomoa ile yenye Windows, chomeka hiyo nyingine na usimike Proxmox juu yake moja kwa moja. Nasisitiza kuchomoa, kwa sababu Proxmox ikisimikwa inafuta diski nzima iliyochaguliwa, na mkono ukiteleza katika orodha ya diski kazi zako zote zimekwenda. Proxmox ikishawaka huihitaji tena skrini yake. Inaendeshwa kwa kivinjari kupitia mlango namba 8006, na unaweza kuifungua kwa simu au kompyuta ya mwenzako iliyounganishwa kwenye ruta ile ile bila kutumia intaneti yoyote.

Sababu kubwa ya ushauri huo ni RAM kuliko prosesa. Katika gigabaiti 8, Windows ikijichukulia 3, ukiipa Proxmox 4, na yenyewe ikitumia zaidi ya 1 kwa shughuli zake, zinazobaki kwa mashine zako mbili hazitoshi kufanyia kazi ya maana. Kumbukumbu hukatwa katika kila tabaka, na inapokwisha, tabaka la nje linaanza kuandika kwenye diski, hapo ndipo watu husema kwamba mashine pepe ndani ya mashine pepe ni jambo lisilowezekana. Linawezekana, wala si lazima liwe la polepole kwa kiwango hicho. Mwaka 2010 watafiti wa IBM walionyesha kwamba kwa kazi za kawaida tabaka la pili linaweza kuongeza gharama ya asilimia 6 hadi 8 tu juu ya ile ya tabaka moja, mradi kila kitu kimepangwa ipasavyo. Hali hiyo inataka RAM ya kutosha, na kwa zoezi kama lako sioni vema kushuka chini ya gigabaiti 16.

Wala usidhani kwamba mwalimu wenu amewapa jambo la kubuni lisilo na faida. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wahandisi wa IBM huko Cambridge, Massachusetts, waliandika na kujaribu msimamizi wa kompyuta zao mpya kwa kumwendesha ndani ya msimamizi wa kompyuta za zamani, wakati kompyuta mpya zenyewe bado hazijafika mikononi mwao. Mpaka leo sababu njema ya kuweka msimamizi ndani ya msimamizi ni hiyo hiyo: pale ambapo unachojifunza au unachokijaribu ni msimamizi mwenyewe. Mtu anayetaka tu mifumo miwili ifanye kazi kwa pamoja aiweke kando kwa kando, chini ya msimamizi mmoja.

Ndugu Mhariri, mimi ni karani wa chama cha msingi cha ushirika huku Nachingwea. Kumbukumbu za wakulima wetu za misimu ya zamani ya korosho zimo katika programu inayokubali Windows XP peke yake, nasi tunaifungua kwa VirtualBox kwenye kompyuta ya ofisi yenye Windows 11. Ilikuwa ikienda vizuri hadi kijana wetu mmoja alipoweka ile Linux ya ndani ya Windows kwa ajili ya masomo yake. Tangu hapo XP inajikokota, na pale chini pembeni mwa dirisha, palipokuwa na alama yenye herufi V, sasa anaonekana kobe wa kijani. Ni kirusi? — *Karani, Nachingwea, Lindi*

Ndugu karani, si kirusi. Kobe huyo ni VirtualBox yenyewe inayokuarifu kwamba kuna msimamizi mwingine aliyetangulia kuishika prosesa, na kwamba inalazimika kufanya kazi kwa kumwomba yeye.

Msimamizi huyo anaitwa Hyper-V, naye ni wa Microsoft. Linux ya ndani ya Windows, katika namna yake ya pili, inamhitaji. Watu wengi hawafahamu kwamba Hyper-V akiwashwa hakai juu ya Windows kama programu nyingine. Anakaa chini yake, na Windows mnayoiona nayo inakuwa imewekwa juu yake. Kwa hiyo ninyi, bila kukusudia, mmekwisha kuwa na msimamizi juu ya msimamizi. Mkitaka kuhakikisha, fungueni dirisha la amri muandike `systeminfo`. Maelezo ya mwisho kabisa yatasema kwamba msimamizi wa mashine pepe amegunduliwa. Hii ndiyo sababu pia ya VMware kukataa kisanduku cha VT-x, kama nilivyomdokezea ndugu wa Shangani.

Kumwondoa, fungueni dirisha la amri kwa mamlaka ya mkuu wa kompyuta (Administrator), muandike `bcdedit /set hypervisorlaunchtype off`, kisha muwashe kompyuta upya. Mkitaka kumrudisha, neno la mwisho liwe `auto`. Kama kobe bado yupo, tazameni katika usalama wa Windows kipengele cha kulinda kumbukumbu, ambacho nacho kinategemea Hyper-V na katika kompyuta nyingi zenye Windows 11 kinakuja kikiwa kimewashwa. Hapo nawaomba msiharakishe. Kipengele hicho kinazuia programu mbaya kuingia katika kiini cha Windows, na kompyuta ya chama yenye hesabu za watu, inayopokea flashi kutoka kila upande, inahitaji kinga hiyo kuliko inavyohitaji XP yenye mwendo.

Kijana wenu naye asinyimwe masomo yake. Linux hiyo ina namna ya kwanza isiyotumia mashine pepe, na anaweza kuihamishia huko kwa `wsl --set-version` ikifuatiwa na jina la Linux yake na namba 1. Kwa kujifunza amri za kawaida inamtosha; kitakachomkatalia ni programu za kuendesha kontena kama Docker.

Lakini hata kobe akiondoka, msiridhike. Microsoft iliacha kuihudumia Windows XP tarehe 8 Aprili 2014, kwa hiyo katika mipangilio ya mashine hiyo zimeni kadi ya mtandao, na mwachieni kiini kimoja tu cha prosesa. Kisha tengeni siku kadhaa, kabla mnada wa msimu haujaanza na ofisi haijajaa watu, mzitoe kumbukumbu zote kutoka katika programu hiyo: kama inaruhusu kuzihifadhi kama majedwali fanyeni hivyo, na kama hairuhusu, chapeni kila orodha kuwa faili la PDF. Mkulima anayekuja kuulizia malipo ya misimu iliyopita ana haki ya kupata jibu hata siku ambayo VirtualBox itakataa kabisa kuifungua XP.

Ndugu Mhariri, ninafundisha kompyuta hapa Kilwa Masoko. Nina seva ndogo ya mazoezi ya wanafunzi yenye hifadhidata, nayo imo ndani ya mashine pepe iliyomo ndani ya mashine pepe nyingine. Umeme ulikatika ghafla, na uliporudi mashine ya nje iliwaka salama lakini hifadhidata ya ndani imeharibika. Nilikuwa nimechukua picha ya hali ya mashine wiki iliyotangulia, lakini nayo haifunguki. Nifanye nini siku zijazo? — *Mwalimu, Kilwa Masoko, Lindi*

Ndugu mwalimu, pole kwa hasara hiyo. Hifadhidata inapomaliza kuandika jambo muhimu, huiamuru diski ilimwage mara moja kila kilichomo kwenye kumbukumbu ya muda na kukiandika kwa kudumu, na haiendelei mpaka ithibitishiwe. VirtualBox kwa kawaida inaipuuza amri hiyo ili mashine iende kasi. Hifadhidata inaambiwa kwamba data imekwisha kuandikwa kumbe bado iko kwenye RAM ya mwenyeji, na ukiwa na matabaka mawili, kuna sehemu mbili ambamo inaweza kuwa imekwama pindi umeme unapokatika.

Kwa diski ya kwanza iliyounganishwa kwa SATA, amri ya kuizuia VirtualBox isipuuze ni hii:

`VBoxManage setextradata "Seva" "VBoxInternal/Devices/ahci/0/LUN#0/Config/IgnoreFlush" 0`

Iandike wakati mashine imezimwa, na kama tabaka la ndani nalo ni VirtualBox, iandike huko pia, maana tabaka moja likibaki na tabia ya zamani kazi yote ni bure. Seva itapungua kasi kidogo, nawe kubali.

Kuhusu picha ya hali, hiyo si nakala ya akiba. Faili lake linategemea faili la awali la diski na yote hukaa kwenye diski ile ile, kwa hiyo la awali likiharibika picha nayo haina mahali pa kusimama. Kila jioni baada ya kipindi iamuru hifadhidata yenyewe itoe nakala yake kama faili la maandishi, na faili hilo ulitoe nje ya mashine zote mbili hadi kwenye flashi au diski nyingine. Nunua pia UPS, yaani betri ya akiba ya kompyuta, nayo usiitegemee kufanyia kazi gizani, bali ikupe dakika za kuzima kwa utaratibu: zima mashine ya ndani kwanza, kisha ya nje, kisha kompyuta. Usiigandishe mashine ya nje wakati ile ya ndani inafanya kazi, kwa sababu kuihifadhi hali ya msimamizi aliyemo ndani ya msimamizi mwingine ni sehemu ambayo programu hizi bado zinakosea.

Na kwa kuwa seva yako ni ya hifadhidata tu, sioni kinachoilazimu kukaa katika tabaka la pili. Ihamishie katika mashine ya nje, au uiweke kando yake.